Jibu: Kwa nini bao la kona fupi lilikataliwa?

Pole, ndugu, na hongera kwa kijana kufika mashindano ya taifa. Umeuliza kwa nini, kwenye mechi ya mpira wa magongo (hoki), mwamuzi alikataa bao lake la kona fupi, ile adhabu ambayo mpira husukumwa kutoka mstari wa goli kwenda kwa washambuliaji, ilhali mpira uliingia wavuni na hakuna aliyecheza rafu. Umeuliza pia kadi ya kijani ina uzito gani.

Kwa ulivyoeleza, kwamba alipiga kwa nguvu na mpira ukapita usawa wa kifua cha kipa, naona mwamuzi alikuwa sahihi. Kwenye kona fupi, shuti la kwanza likiwa la kupigwa, yaani gongo limenyanyuliwa na kushushwa juu ya mpira, lazima mpira uvuke mstari wa goli ukiwa haujazidi sentimita 46 kutoka ardhini. Ule ubao ulio chini ndani ya goli ndio kipimo chenyewe, ukisikia "ko!" ya mpira kwenye mbao, shangilia. Angeusukuma na kuuinua kwa gongo bila kuupiga, ungeweza kuingia hata juu kabisa. Ndiyo maana vijana wanaozoea ule mtindo wa kuukokota mpira kisha kuurusha ni lulu kwa kocha yeyote.

Angalia pia kama mpira ulitoka kwanza nje ya duara, yaani eneo la kufungia lililochorwa mbele ya goli. Usipotoka, bao hakuna. Hilo huwaponza wengi, kwani mshambuliaji anayeutuliza mpira uliosukumwa huwa na haraka.

Kuhusu kadi ya kijani: ni dakika mbili nje tu, haina makubwa. Ya njano ndiyo inauma, angalau dakika tano mkiwa pungufu.