Maswali ya Wasomaji: Fangasi wa mizizi na ukame

SWALI: Nalima ekari moja ya mahindi na kitalu cha vitunguu hapa Kongwa. Mvua ikikatika wiki mbili tu, mahindi yanajikunja majani. Nasikia wapo fangasi wa udongoni wanaosaidia mmea kustahimili ukame. Naweza kuwazalisha mwenyewe?

JIBU: Unaweza. Wanaitwa mikoriza. Huingia ndani ya mzizi, kisha hutandaza nyuzi zinazopenya vitundu vya udongo ambamo mzizi haufiki. Huuletea mmea maji na fosforasi, nao huwalipa sukari.

Chimba udongo wa chini ya nyasi za asili, kina cha sentimita 5 hadi 20, pamoja na vimizizi vyake. Usichukue kwenye shamba la nyanya au vitunguu. Utahamisha minyoo fundo (wanaovimbisha mizizi) na magonjwa ya kuoza. Changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni, jaza viroba, panda mtama, mwagilia miezi mitatu bila mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi. Kisha kata mtama usawa wa udongo na uache kumwagilia siku 10 hadi 14, ili fangasi watengeneze spora (chembe zao za kuzaliana) kwa wingi. Katakata mizizi vipande vya sentimita 1, ichanganye na udongo wake, hifadhi kivulini pakavu.

Sasa piga hesabu. Mahindi ya nafasi ya sentimita 75 kwa 30 yana mashimo kama 18,000 kwa ekari. Ukiweka gramu 30 kila shimo, unahitaji zaidi ya kilo 500. Kwa hiyo viroba vyako vipeleke kitaluni: tandaza udongo huo unene wa sentimita 1 chini kidogo ya mbegu za vitunguu, kwani mzizi usipowagusa fangasi hakuna kitu. Wakati wa kuhamisha miche usikate mizizi sana, ndimo walimo.

Kwenye mahindi, walinde fangasi waliomo tayari udongoni. Plau ya kila msimu hukata nyuzi zao, na DAP nyingi huufanya mmea usiwapokee. Changanya mahindi na kunde, punguza kulima. Hata hivyo, udongo ukikauka kabisa hawana maji ya kuleta. Matuta ya kukinga maji ya mvua bado ni lazima.

SWALI: Je, kwenye kabichi na mchicha?

JIBU: Usihangaike. Kabichi na sukuma wiki haziwapokei, mchicha nao karibu hivyo hivyo. Tena usizitangulize kabla ya vitunguu, maana fangasi hupungua kwa kukosa mizizi ya kuishi.