"Amepona unga, anataka kuacha methadoni"

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 31, ametumia unga, yaani heroini, miaka tisa. Sasa ana miezi minane anakunywa methadoni kliniki, ile dawa ya kutibu uraibu wa unga. Amenenepa, amerudi gereji, hela ya matumizi nyumbani analeta. Wiki mbili hizi anasema ameshapona, hataki tena "unga wa serikali". Amepata mtu wa kumsafisha damu kwa siku saba, laki tatu na nusu. Tena ameanza kupita maskani yake ya zamani, eti wenzake wamuone alivyobadilika. Mama anafurahi, mimi silali. Nifanyeje?
Dada mtu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba dada. Una haki ya kukosa usingizi. Katika yote uliyoandika, neno lililonishtua kuliko hata hiyo laki tatu na nusu ni hilo "ameshapona". Nalisikia karibu kila wiki, na wanaolisema si wale walio hoi. Ni hawa hawa wa miezi saba, minane, mashavu yamejaa na watu mtaani wameanza kuwaamkia tena.

Ninachoshindwa kukivumilia ni hii imani kwamba uraibu ni uchafu ulioganda kwenye damu. Heroini haikai mwilini miaka. Mtumiaji akikosa kete, arosto inaanza ndani ya saa sita hadi kumi na mbili: kamasi, miayo, jasho, mifupa inauma, tumbo linaendesha. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele. Ikifika wiki au siku kumi hivi, sehemu kubwa imepita, hata asipopewa dawa yoyote. Ingekuwa tatizo ni damu, kila teja aliyelala mahabusu wiki mbili angetoka mzima. Tumewaona wakitoka asubuhi, adhuhuri wako kijiweni.

Sasa hesabu na huyo msafisha damu. Anachukua siku saba. Hizo siku saba ni za mwili wenyewe, yeye anaziwekea bei tu. Kijana anaamka siku ya nane amelala vizuri, amekula, familia inalia kwa furaha na pesa imeshalipwa. Akirudi kwenye unga siku ya ishirini, anaambiwa alivunja masharti. Nimewapokea waliotoka huko wakiwa wameharishwa siku nne mfululizo hadi macho yameingia ndani. Nimewapokea wenye alama za minyororo miguuni. Wengine "mitishamba" waliyonyweshwa iliwalaza kama wamepigwa, na mimi huwa nashuku vidonge vya usingizi vilivyosagwa. Kwa mtu mwenye methadoni mwilini, vidonge hivyo vinaweza kuzima pumzi kabisa. Msimlipe. Kama mmetoa kianzio, kiacheni kipotee.

Kuhusu "unga wa serikali". Heroini inampandisha mtu na kumwangusha ndani ya saa chache, ndiyo maana alikuwa anaisaka mara tatu, nne kwa siku. Methadoni, dozi ikishakaa sawa, inashika siku nzima bila kumpa stimu wala kumwachia arosto. Anakunywa kikombe chake mbele ya muuguzi, anasema maneno mawili matatu tujue amemeza, anakwenda kushika spana. Huko gereji anafika kwa sababu ya kikombe hicho. Mgonjwa wa presha ambaye vipimo vimekuwa vizuri kwa sababu ya vidonge, hakuna anayemshangilia akivitupa.

Hatusemi anywe maisha yote. Wapo waliomaliza, lakini walitulia kwanza, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, kisha tukashusha kidogo kidogo kwa miezi. Tena kuna wanaotaka kuacha kwa sababu wanahisi dozi haiwashiki, wanaona aibu kusema wasidhaniwe wanataka kulewa. Muulize kama ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini iliyomo humo inaifanya methadoni iishe haraka mwilini, na hilo tunalirekebisha kwa dozi.

Maskani sasa. Naomba na mama asomewe hapa. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa rika la mdogo wako alituaga kwa mkono, amevaa shati jipya la mikono mirefu, kola bado ina karatasi ya dukani. Alisema anataka kujiamini. Hakurudi. Wiki ya tano alipita kijiweni kusalimia, akavuta mara moja tu, kwa kiasi kile kile alichozoea zamani. Kaka yake ndiye aliyevunja mlango wa choo.

Hakuongeza hata chembe. Mtu akikaa bila unga, na methadoni ameiacha, mwili unapoteza ule uzoefu wa kuuhimili. Kete iliyokuwa ya kawaida yake inakuwa ya kumuua. Ndiyo maana hata kliniki, mtu akikosa siku tatu mfululizo hatumpi dozi yake ya juzi. Tunashusha, akikosa zaidi tunaanza upya. Wanatukasirikia sana dirishani, na hatulegezi.

Mawazo yanayotangulia siku hiyo yanafanana. "Nakwenda kujipima." "Bia si unga." "Mimi si kama wale." Anaacha vikao vya ushauri, kwani huko ni kwa wagonjwa. Ukimuuliza amechelewa wapi, anawaka: hamniamini mpaka leo? Anaona miezi minane imemlipia deni lote, na mnapouliza mnamvunjia heshima.

Na nyumbani tunachangia. Mama anayeuliza kila Ijumaa "hiyo dawa unamaliza lini, mwanangu?" anauliza kwa mapenzi. Kijana anasikia kwamba bado ni aibu ya ukoo mpaka kikombe kiishe. Kuna baba aliyemfungia mwanawe ndani asionekane kwenye foleni ya kliniki, mchumba alikuwa anakuja kutambulishwa. Kwa ajili ya foleni tu, jamani! Vijana wengi ninaowafahamu walioacha ghafla walikuwa wanakimbia macho ya watu. Dawa yenyewe haikuwa imewashinda. Tukiendelea kumsifu aliyeacha dawa kuliko anayeinywa kila siku, hawa wauza siku saba hawatakosa wateja, na sisi tutaendelea kuitwa vyooni.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimkabili jioni akiwa amechoka, wala mbele ya shemeji. Nenda naye kliniki asubuhi, umwambie unataka kuonana na daktari wake mkiwa wawili. Huduma hii kwenye kliniki za serikali hailipiwi, hana sababu ya kukukatalia kwa gharama. Aseme mwenyewe kwamba anataka kuacha. Hatutamgombeza, tutapanga naye. Mpaka siku hiyo asikose dozi hata moja, na pombe asiguse.

Akizidiwa na unga utamjua: anakoroma kwa sauti nzito isiyo yake, midomo na kucha zinakuwa za kijivu, ukimwita na kumtikisa haamki. Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji. Kama anapumua mlazeni ubavu, na kama hapumui mlazeni chali mpulizieni pumzi mdomoni huku mkitafuta gari. Hospitali kuna naloksoni inayozima kazi ya heroini, lakini nguvu yake ni ya muda mfupi, hasa kama ndani kuna methadoni, kwa hiyo akizinduka msiondoke naye mpaka daktari aseme.