Siku kumi zilizogeuka wiki tisa

SWALI: Shikamoo mama. Nina nyumba ndogo Kigamboni, vyumba viwili na sebule, aliyoniachia marehemu baba. Naipangisha kwa siku, zaidi kwa watu wa harusi na wanaokuja kikazi. Dalali aliniletea kijana mmoja, akalipa siku kumi taslimu. Zilipokwisha akaomba "mwezi mmoja tu mama mwenye nyumba", akanitumia laki mbili, nikapokea. Sasa ni wiki ya tisa. Simu hapokei, kitasa kabadilisha, na dalali hapatikani. Shemeji yangu anasema tuvuke na pantoni ya usiku tukang'oe mlango. Nifanyeje, na nijikingeje nisirudie?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie shemeji aweke nyundo chini. Mkiung'oa huo mlango, kesho yake mtakaoandika maelezo kituoni ni nyinyi, na kijana atakuwa ameibiwa televisheni ambayo hakuwahi kuwa nayo. Umeme na maji pia usimkatie.

Kumkaribisha halikuwa kosa. Kosa ni ile laki mbili. Ulipoipokea kwa jina la "mwezi", bila hata kijikaratasi, mgeni wako akageuka mpangaji, na mpangaji hatolewi kwa hasira. Mwandikie barua ya kumtaka aondoke, utaje tarehe na deni, nakala moja asaini kwamba kaipokea. Akikataa kusaini, nenda na mjumbe ashuhudie. Kisha mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hapo ndipo wengi hufungasha, maana wanaogopa muhuri kuliko wanavyomwogopa mwenye nyumba. Akikaza shingo, kuna Baraza la Kata, ila ujue kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yao ni kusuluhisha tu, hawatoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na katikati ya safari hiyo akikurushia hela, mjibu kwa maandishi kwamba umeipokea kama malimbikizo ya siku zilizopita. Usikubali hata mara moja iitwe kodi ya mwezi mpya.

Sasa la kujikinga. Mimi nina nyumba Bagamoyo, karibu na bahari, na somo langu nililipia kwa godoro. Ilikuwa wikiendi ya Pasaka. Niliambiwa ni familia ya watu watano. Jioni jirani ananipigia, anasikika kwa shida kwa sababu ya spika: magari manne aina ya Noah yako nje na mengine yanaingia. Nilipofika asubuhi walishaondoka. Kitanda cha chumba kikubwa walikifanya kaunta. Makreti yalipangwa juu ya godoro, barafu ikayeyuka ndani yake, na alama za makreti zilikuwa zimejichora kama vigae. Nililigeuza juani siku nne likabaki linanuka bia. Shimo la choo nalo lilikuwa limejaa, nikaita gari la kunyonya. Amana niliyochukua ilikuwa elfu hamsini. Godoro peke yake ni mara kadhaa ya hiyo.

Tangu siku hiyo mgeni namchuja kabla funguo haijatoka mkononi mwangu. Picha ya kitambulisho iliyotumwa kwa simu siitegemei, naishika kadi yenyewe na kunakili namba zote 20 za NIDA. Halafu naomba alipe kwa simu, kutoka laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Jina linatokea kwenye ujumbe wa malipo. Kadi ikisema Juma na hela ikaja kwa jina la Rehema, nauliza. Mwenye majibu hujibu bila kutoa jasho. Namuuliza pia anakuja kufanya nini na wangapi watalala, na idadi hiyo naiandika kwenye mkataba wa ukurasa mmoja, pamoja na saa ya kuondoka na gharama ya kila siku itakayozidi.

Baada ya hapo tunatembea naye nyumba nzima nikirekodi video. Nafungua mabomba, nawasha kiyoyozi, nahesabu kwa sauti: sufuria sita, vifuniko vitano. Wengine hucheka. Siku ya kuondoka hatucheki, tunaangalia video. Kwenye LUKU namwachia yuniti 20, zikiisha anunue mwenyewe, la sivyo kiyoyozi kitafanya kazi hata akiwa ufukweni.

Akitaka kuongeza siku, aongeze, lakini kwa karatasi mpya na hela kabla ya usiku kuingia. Siongezi kwa mwezi. Najua mtanitajia ile methali ya mgeni na jembe. Mgeni aliyelipa humpi jembe, unampa tarehe.

Na dalali? Mlipe nusu mgeni akiingia na nusu akishatoka. Utashangaa simu yake itakavyokuwa hewani.

SWALI: Mama, mimi napangisha kupitia Airbnb. Mgeni ameniomba tufute oda tulipane pembeni ili sote tukwepe makato. Pia nimefikiria kuweka kamera sebuleni, niwaone wanaofanya sherehe. Unasemaje?
Msomaji, Mbezi

JIBU: La kwanza, kataa. Makato hayo ndiyo yanayokupa kinga. Airbnb wana fidia ya uharibifu kwa mwenye nyumba, na dai unaliwasilisha ndani ya siku 14 baada ya mgeni kutoka, lakini ni kwa oda iliyopita kwao. Sherehe za fujo walizipiga marufuku moja kwa moja mwaka 2022, hivyo ukiwa na oda una pa kulalamikia. Ukilipwa pembeni, una namba ya simu tu ya mtu usiyemjua.

Kamera ya ndani, hapana. Tangu mwisho wa Aprili 2024 hao hao Airbnb hawaruhusu kamera yoyote ndani ya nyumba, hata ukimwambia mgeni. Na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, usije ukajitafutia kesi kwa kumrekodi mtu akiwa na kanga moja. Weka moja getini, inayotazama nje, na uitaje kwenye tangazo lako. Mimi yangu imeelekea pale magari yanapoegeshwa. Ikifika Noah ya tatu, napiga simu.