Ukitaka kuiboresha .22 yako, anza na risasi

Mtu akinunua Ruger 10/22, bunduki ndogo ya risasi za .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22), huku Marekani, haichukui muda utamkuta anaangalia mitutu minene, vitako vya rangi na darubini kubwa kuliko bunduki yenyewe. Namwelewa. Bunduki hii ilitoka mwaka 1964, imeuzwa kwa mamilioni, na karibu kila kipande chake kina mbadala dukani. Ukiwa na pesa na subira unaweza kubadilisha kila kitu ukabakiza resiva tu, kile kipande chenye namba ya usajili. Swali ni uanzie wapi, na jibu langu haliwafurahishi wauza vipuri: anza na risasi.

Kabla ya hapo, makaratasi, maana naandikia wenzangu tuliotoka nyumbani. Mwenye kadi ya kijani, kama hana kizuizi kingine, sheria ya shirikisho inamruhusu kumiliki bunduki. Aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kwa mfano akiwa na leseni halali ya uwindaji. Na usidhani kuazima ya rafiki uwanjani ni kitu kingine; kuishika tu kunaweza kukuingiza matatani. Majimbo nayo yana masharti yao kuhusu magazini na umbo la kitako, kwa hiyo soma ya kwako kwanza ndipo uagize. (Ndugu huwezi kuwaandaa. Nikituma picha ya bunduki kwenye kundi la familia, shangazi huuliza ni nani anayenitishia maisha.)

Sasa risasi. Bunduki kubwa hutumia risasi yenye fataki katikati ya kitako cha ganda. Kwenye .22 Long Rifle, ile dawa ya kuwashia baruti imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini huja kuuponda ukingo huo. Ganda likishapondwa ndiyo basi, halijazwi tena. Kwa hiyo wale jamaa wanaotengeneza risasi zao gereji kwa mizani na vipimo, sisi wa .22 hatuna bahati hiyo. Tunachukua kilichotoka kiwandani, na mtutu ndio unaochagua unachokipenda.

Nunua boksi moja moja za aina kadhaa, ukichanganya za bei rahisi na za mashindano: CCI Standard, SK, Eley. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga matundu matanotano kwa yadi 50, kila aina na karatasi yake. Ukibadilisha aina, piga chache za kupoteza kwanza, kwa sababu risasi hizi zimepakwa nta au mafuta na mtutu huchukua muda kuzoea mpako mpya. Utashangaa. Bunduki ileile, mkono uleule, aina moja inatawanya matundu karatasi nzima na nyingine inayakusanya yakafunikwa na sarafu ya robo dola.

Usivutiwe na boksi lililoandikwa kasi kubwa. Risasi ya kawaida yenye uzito wa grani 40 hutoka mtutuni kwa takriban futi 1,070 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi ya sauti. Zile za kasi huvuka 1,200, kisha njiani zinapungua na kurudi chini ya kasi ya sauti, na ni pale zinapovuka mpaka huo ndipo huyumbishwa. Kwa kutoboa karatasi, polepole ndiyo nzuri.

Ukishaijua risasi yako, hamia kwenye triga, kile kifyatulio unachokivuta kwa kidole. Ya kiwandani huwa nzito, mara nyingi inakaribia pauni 6, na ukiivuta kwa nguvu hivyo mtutu unahama kabla risasi haijatoka. Usichukue tupa ukaanza kukwangua vyuma vya ndani. Ni njia fupi ya kupata bunduki inayofyatuka ikigongwa mezani. Nunua seti nzima iliyokamilika. Ruger wenyewe wanauza BX-Trigger, ambayo ni pauni 2.75 hivi.

Kuiweka ni kazi ya meza ya jikoni. Toa magazini, vuta bolti, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa jicho kisha kwa kidole, na risasi zote ziwe chumba kingine. Legeza mkanda wa mtutu kama upo, fungua skrubu moja iliyo chini, mbele ya magazini. Hapa wengi hukwama: kitako kinagoma kutoka. Kitufe cha usalama kinakizuia. Kisukume kikae katikati, si kulia wala kushoto, kisha inua kuanzia upande wa mtutu. Pini mbili zikitolewa, seti ya triga inadondoka mkononi. Ukimaliza kufunga, jaribu bila risasi: usalama ukiwa umewashwa nyundo ya ndani ya bunduki isianguke, ukizimwa ianguke, na ukigonga kitako kwa nyundo ya mpira isijifyatue.

Darubini nitaigusa kwa ufupi. Chukua iliyotengenezwa kwa ajili ya .22, ambayo kwa kawaida hurekebishwa kwa yadi 50. Za bunduki kubwa hurekebishwa kwa yadi 100 au zaidi, na kwa karibu ukisogeza jicho kidogo msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unahama juu ya shabaha. Kitako kiwe na kimo kinacholaza shavu lako bila kunyoosha shingo. Rangi ni ladha yako.

Mtutu uwe wa mwisho, na wengi wakifika hapa hawauhitaji tena. Kama bado unautaka, kuubadilisha kwenye 10/22 hakuhitaji fundi, maana umebanwa na kipande kimoja cha chuma na skrubu mbili. Ila mtutu mnene wa inchi 0.920 hauingii kwenye kitako cha kawaida, kwa hiyo hesabu bei ya vyote viwili. Usishuke chini ya inchi 16 bila kibali cha shirikisho. Ni kosa la jinai. Na kwa vile resiva nyingi zimezibwa nyuma, fimbo ya kusafishia inaingilia mdomoni mwa mtutu, pale pale ambapo mkwaruzo mdogo unaharibu shabaha. Tumia kamba ya kusafishia, ivute kutoka kwenye chemba kwenda mdomoni, na isiwe kila siku. Usahihi ukianza kushuka ndipo usafishe.