Re: Kompyuta niliyounga mwenyewe inachemka, feni inanguruma
Pole mkuu, hiyo ya kufika digrii 95 ukifungua gemu tu afu inajizima, na feni ya prosesa inanguruma kama jenereta, naijua vizuri. Kabla hujanunua kitu fungua kava la pembeni ucheze hivyo hivyo wazi, joto likishuka sana basi shida ni hewa, feni zako zinagombana, za mbele ziingize na ya nyuma itoe, upande wenye vile vimkono vinavyoshika mota ndo hewa inakotokea. Lisiposhuka, ng'oa kipozeo, yaani lile dude la chuma lenye feni linalokaa juu ya prosesa. Mimi mashine yangu ya kwanza nilihangaika wiki nzima nabadilisha feni kumbe ile nailoni ya chini ya kipozeo sikuibandua, aibu tupu. Futa pesti ya zamani (ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo) kwa spiriti, weka mpya kama punje ya mbaazi, afu kaza skrubu kidogo kidogo kwa mshazari. Waya wa feni ya prosesa uchomeke kwenye ubao mama palipoandikwa CPU_FAN, kama ni wa pini 3 ingia BIOS (ile menyu ya mipangilio unayoifungua kompyuta ikiwa inawaka) uweke DC, yaani spidi iongozwe kwa volti, la sivyo itakimbia spidi ya mwisho muda wote. Ukipuliza vumbi shikilia mapanga yasizunguke.