Ulikuwa Mwanagenzi, Mbona Umejiita Mkufunzi?

Msomaji ametuma barua yake ya kuomba kazi ikaguliwe. Amekaa gereji miezi 6 akijifunza umeme wa magari, na ameandika: "Nimekuwa mkufunzi katika gereji hiyo." Kwa neno moja amejipandisha cheo. Mkufunzi ni anayefundisha: Tanzania ni mwalimu wa chuo, na kurasa za michezo za Kenya humwita hivyo hata kocha wa timu ya mpira. Yeye alikuwa mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa fundi.

Kosa hili linaeleweka. Shina ni -funda, kumpa mtu maarifa na mwenendo. Ndilo tunalolisikia mwali anapofundwa na kungwi. Humo ndimo mlimotoka funza, fundisha, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. D ikikutana na -i ya mtendaji hugeuka z: linda huzaa mlinzi, penda huzaa mpenzi, funda huzaa -funzi. Tanguliza mwana, umepata anayefunzwa. Tanguliza m-ku-, kama katika mkulima, umepata anayefunza. Mkia ni mmoja, kwa hiyo tazama kichwa cha neno kabla hujalitia kwenye barua.

Fundi ni ndugu yao mkaidi. D yake haikugeuka, wala hakubali m-: ni fundi, mafundi. Kwa Kizulu, funda ni kujifunza au kusoma, umfundi ni mwanafunzi, na umfundisi ni mchungaji wa kanisa. Huko umfundi bado yuko darasani. Huku kwetu fundi keshahitimu na anadai malipo ya awali. Basi anayekwambia fundi ni neno la Kiarabu, mwulize Wazulu walilitoa wapi. Lililotoka ng'ambo ni lile la pili katika "ufundi stadi": stadi ni jamaa wa ustadhi wa madrasa, na asili yake ni Kiajemi.

Turudi kwenye barua. Ukiandika mwanagenzi ukaishia hapo, hujasema kitu. Taja kazi, muda, aliyekusimamia, na ulichofanya kwa mkono wako. Kwa mfano: "Nilikuwa mwanagenzi wa umeme wa magari kwa miezi 6 chini ya fundi mkuu. Nimefungua stata na kubadilisha brashi zake, na nimepima chaji ya alternata kwa mita, injini ikiunguruma, nikitarajia volti 13.8 hadi 14.4." Mwenye gereji akifika kwenye hizo volti anajua umeshika mita, hukuwa wa kuletewa chai tu. "Nina uzoefu mkubwa wa umeme" hakumwambii lolote.

Kwenye ujenzi mtego ni "saidia fundi". Huyo huchanganya zege na kubeba tofali kwa malipo ya siku, na hakuna aliyeahidi kumfunza. Ukijiandika hivyo, utaitwa kubeba. Kama ulianza na koleo kisha ukapewa mwiko, timazi na pimamaji, yatenganishe: miezi 3 saidia fundi, miezi 9 mwanagenzi wa uashi. Ukiyachanganya, ile 9 inamezwa na ile 3.

Na "tarajali" liache kwanza. Limetokana na taraji, na Tanzania limewakaa zaidi wahitimu: daktari tarajali ameshamaliza chuo, anatumikia mwaka wake wa mazoezi hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mwanafunzi aliyetoka chuoni kwenda kile wanachokiita "fildi", akarudi kumalizia masomo, aandike "mafunzo kwa vitendo". Aliyejifunzia gereji bila chuo aandike uanagenzi, neno ambalo hata serikali inalitumia katika programu zake za kufunzia vijana makazini.