Usiuze fleti kwa ajili ya topetope

"Shangazi, nina miaka 67, ni mjane, mzaliwa wa Tanga mwenye pasipoti ya Uingereza. Nimefanya kazi Leicester kwa miaka 24 katika nyumba za kutunzia wazee, na fleti yangu ndogo nimemaliza kuilipia. Oktoba iliyopita nilikaa wiki mbili Almuñécar, mji mdogo wa pwani kusini mwa Hispania. Nilipoona maembe na matopetope sokoni nililia. Shoga yangu aliyehamia huko ananishauri niuze fleti ninunue nyumba mji mkongwe, chini ya ngome ya San Miguel, kwa kuwa maisha ni nafuu na mwenye nyumba hupewa karatasi za kuishi. Mdogo wangu aliyeko Tanga amenuna, anataka nirudi nyumbani. Nifanye nini?"

Dada yangu, kilio chako cha sokoni nimekielewa, maana pwani ile ya mkoa wa Granada, ambayo wenyewe huiita Costa Tropical, ni miongoni mwa sehemu chache za Ulaya ambako mtu wa Tanga anaweza kununua embe, parachichi na topetope vilivyokomaa mtini hapo hapo jirani, kwa kuwa milima iliyo nyuma yake huikinga na baridi ya kaskazini. Hata hivyo nakuomba fleti usiiuze, na sababu yangu ni hesabu.

Nianze kwa kumsahihisha shoga yako. Utaratibu wa Hispania wa kumpa mgeni kibali kwa kununua nyumba ulihitaji kutoa angalau euro 500,000, na hata huo ulifutwa tarehe 3 Aprili 2025. Kwa pasipoti uliyo nayo, tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, unaruhusiwa kukaa siku 90 tu katika kila siku 180, hata kama hati ya nyumba iko mkononi na funguo zimo mkobani. Anayetaka kukaa zaidi bila kufanya kazi huomba viza maalumu katika ubalozi mdogo wa Hispania, naye hutakiwa kuonyesha euro 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka, kutoka kwenye pensheni, kodi ya nyumba aliyoipangisha au akiba.

Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza huhitaji michango ya miaka 35. Wewe una 24, kwa hiyo fungu lako ni kama theluthi mbili, na peke yake halifiki hata nusu ya kiasi hicho. Kitakachokusaidia kukaribia ni fleti, na pengo litakalobaki utaliziba kwa akiba. Ukiipangisha, kodi yake itahesabiwa kuwa mapato yako ya kila mwezi. Lakini ukiiuza ukanunua nyumba Almuñécar, fedha ile ile ambayo ingekusaidia kupata viza utakuwa umeigeuza matofali, tena baada ya kulipa kodi ya uhamisho, ambayo katika jimbo la Andalucía ni asilimia 7 ya bei, pamoja na gharama za wakili na usajili. Utabaki na nyumba usiyoruhusiwa kuishi zaidi ya nusu ya mwaka. Nadhani shoga yako alihamia zamani, sheria ikiwa nyingine.

Nyumba yenyewe nayo inanitia shaka. Vichochoro vya mji mkongwe ule ni vya kupanda na vina ngazi nyingi, na nyumba za namna hiyo mara nyingi hupikia gesi ya mtungi wa rangi ya chungwa, wenye kilo 12.5 za gesi na chuma chenye uzito wa karibu kiasi hicho hicho. Wewe uliyewainua wazee wa watu kwa miaka 24 unaujua mgongo wako kuliko mimi. Treni haifiki pwani ile. Hospitali kubwa iko Motril, na usipokuwa na gari utakwenda kwa basi. Halafu wewe umeiona Oktoba. Nyumba za huko zilijengwa kwa ajili ya kufukuza joto, sakafu ni vigae na kuta hushika unyevu, na mwezi wa Februari unaweza kukuta jua zuri ufukweni huku wewe umevaa sweta jikoni.

Kwa hiyo nenda Januari, upange chumba na jiko kwenye tambarare, ukae miezi miwili au zaidi kidogo ndani ya zile siku 90, pasipo viza. Baadaye, ukishakuwa na viza, ukipewa mkataba wa Septemba hadi Juni, ujue mwenye nyumba anaitaka nyumba yake kwa watalii wa kiangazi, nawe utahamishwa. Ukirudi ukiwa bado unaipenda, ndipo uipangishe fleti na kuomba viza. Kama mstaafu wa Uingereza unaweza kuomba fomu ya S1, ambayo huifanya Uingereza igharimie matibabu yako Hispania. Jiandae pia kulipa kodi ya mapato huko na kutangaza mali zako za nje zinazozidi euro 50,000, fleti ikiwemo.

Mdogo wako hajakosea kukutaka nyumbani, na mimi pia ningekutaka. Ila huenda hajui kwamba pensheni ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayeishi Hispania, na kwa anayehamia Tanzania hubaki pale pale ilipokuwa siku aliyohama, hata akiishi miaka 20 zaidi. Mpigie simu kabla hujakata tiketi ya Januari, umweleze hilo taratibu, kwa sababu naamini amenuna akidhani umechagua topetope la Wahispania ukaliacha la kwenu.